Mtoto hana malaria, ana neno la kusema

Msomaji, je, umewahi kumpeleka mtoto hospitalini, akatolewa damu, akapimwa mkojo na choo, ukalipa pesa zako zote, halafu ukaambiwa kuwa hana ugonjwa wowote?

Mimi nimewahi. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu anayesomea shule ya bweni huko Kakamega, alikuja kwetu Nairobi kukaa nasi likizo ya Aprili. Wiki ya kwanza alikuwa buheri wa afya. Wiki ya pili chakula kikaanza kumshinda. Alikuwa akiichezea ugali kwa vidole, akisema ameshiba kabla ya kumega tonge la tatu. Usiku nilisikia akigeuka geuka kitandani. Asubuhi macho yalikuwa mekundu.

Kwa kuwa alitoka eneo ambalo mbu wa malaria hawaendi likizo, tulimkimbiza kwenye kliniki. Malaria hakuna. Homa ya matumbo hakuna. Shinikizo la damu lilikuwa la kawaida. Tabibu aliyetuhudumia, dada mmoja mpole, alimuuliza: "Kuna jambo linalokusumbua moyoni?"

Kijana alinitazama mimi, kisha akaitazama sakafu, akajibu kwamba hakuna.

Swali lile lilikuwa sawa kabisa. Aliyekosea ni mimi, niliyekuwa nimeketi pale kama askari jela. Ningetoka nje dakika tano tu, pengine ukweli ungesemwa siku ile.

Ukweli niliupata siku tatu baadaye, tena kwa binti yangu wa miaka 11, mezani, mbele ya watu wote. "Baba, yeye si mgonjwa. Anampenda msichana anayesoma kwa maktaba ya Buruburu, lakini anaogopa kumwambia."

Na mimi, msomaji, nilicheka. Nilicheka hadi nikapaliwa na chai. Mpwa wangu aliinuka, akaenda chumbani, na kwa siku mbili akawa hanijibu ila kwa "ndiyo" na "la".

Naandika makala haya kwa sababu ya kicheko hicho. Wengi wetu tunalichukulia jambo hili kuwa upuuzi wa utotoni, au tunalichukulia kuwa uhuni unaohitaji kiboko. Maoni yangu ni kwamba si upuuzi wala uhuni. Ni jambo la afya. Kijana anayejifunza kusema lililo moyoni mwake kwa adabu, na kulipokea jibu lolote atakalopewa, amepata kinga itakayomfaa maishani. Asiyejifunza huweza kutuletea msiba.

MWILI HAUJUI TOFAUTI

Kwanza tuelewe kinachotokea mwilini. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu anapoona hatari, ubongo huziamuru tezi hizo zimwage ndani ya damu homoni iitwayo adrenalini. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu alichochapisha mwaka 1915. Kazi ya homoni hiyo ni kuutayarisha mwili upigane au ukimbie.

Moyo uliokuwa ukipiga mara 70 kwa dakika unaweza kupita mara 100 hali mwenyewe amesimama tu. Damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli ya miguu na mikono, na tumbo hupunguziwa, ndiyo maana hamu ya chakula hutoweka na tumbo huvurugika. Mate hukauka. Viganja hutoa jasho. Sauti hutetemeka.

Hayo yote yangekuwa na maana kama mbele yako angekuwa simba. Taabu ni kwamba mwili haujui kumtenganisha simba na msichana aliyevaa sweta ya shule. Kwa mwili, hatari ni hatari, na kuaibika mbele ya wenzako ni hatari kubwa kwa kijana wa miaka 16.

Isitoshe, woga huo hubana hata fikira. Ndiyo maana kijana aliyekesha akiyapanga maneno yake hufika mbele ya msichana na kumuuliza ni saa ngapi, ilhali yeye mwenyewe amevaa saa.

Kwa hivyo, kijana unayesoma gazeti hili, ukihisi hayo usidhani umerogwa, wala usidhani wewe ni mwoga kuliko wenzako. Wale wanaojigamba bwenini kwamba wana wasichana watano hutetemeka vilevile, ila hawasemi.

WOGA HUPUNGUA KWA KUZOEWA

Yuko mwanasaikolojia mashuhuri wa Marekani, Albert Ellis, aliyefariki mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 93. Alipokuwa kijana wa miaka 19 alikuwa akiwaogopa wanawake kupita kiasi. Siku moja akajiapiza kuwa kwa mwezi mzima ataenda kwenye bustani ya mimea ya Bronx, New York, na kila atakapomwona mwanamke ameketi peke yake, ataketi kwenye benchi lake na kumsemesha.

Kama alivyosimulia mwenyewe, alizungumza na wanawake wapatao 100. Ni mmoja tu aliyekubali kukutana naye siku nyingine, na huyo naye hakutokea.

Utasema alishindwa. La! Ellis alisema aligundua kwamba hakuna aliyemtapikia, hakuna aliyemwitia polisi, na woga wake ulikuwa umekwisha. Baadaye alianzisha njia yake ya kutibu hofu na huzuni kwa kuyachunguza mawazo yanayozileta, na leo washauri wengi duniani hutumia njia za jamii hiyo.

Simwambii mtu yeyote aende Uhuru Park akawasumbue akina dada 100. Ninalosema ni kwamba woga haumtoki mtu kwa kungoja. Hutoka kwa kuukaribia kidogo kidogo. Anayeogopa kumsemesha msichana mmoja na aanze kwa kuwasalimu watu wengine: mwenye duka, mzee mlinzi wa lango, mwenzake darasani asiyemzoea. Kisha amsalimu huyo msichana bila kutaka lolote. Kesho amuulize kuhusu kitabu anachosoma. Hatua ya mwisho itakapofika haitakuwa ukuta tena, itakuwa ngazi moja tu.

Na ile siku yenyewe, apumue. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, arudie kwa dakika chache. Kutoa pumzi polepole huiamsha neva kubwa iitwayo vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo mwendo. Dawa hii haiuzwi, na haina madhara.

UJASIRI WA KUKOPA

Iko dawa nyingine inayouzwa, na hapo ndipo ninapoogopa. Vijana wengi hawakuanza pombe kwa kiu. Walianza kwa woga. Rafiki alimwambia, "Onja kidogo, utapata maneno." Akaonja, akapata maneno, na maneno yenyewe yakawa ya kutia aibu.

Pombe haitii mtu ujasiri. Hukilaza kile sehemu cha ubongo kinachopima lipi la kusema na lipi la kunyamazia. Sehemu hiyo, iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Kijana wa miaka 16 anayeilaza kwa pombe anaizima taa iliyokuwa bado hafifu. Ndiyo sababu mojawapo ya sheria ya mwaka 2010 kukataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, ingawa wauzaji wengine hujifanya hawajui kusoma.

Muguka na miraa nazo si msaada. Huongeza mapigo ya moyo na kumnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Kijana ambaye moyo wake tayari unadunda kama ngoma anauongezea wapigaji!

Ujasiri wa kukopa hulipwa kwa riba. Mara ya pili atahitaji glasi mbili.

NAMNA YA KUSEMA

Nilipokwisha kumwomba mpwa wangu msamaha, naye akakubali kuketi nami kwenye ngazi za nje, alinionyesha ujumbe aliokuwa ameuandika kwenye simu ya mama yake kabla ya kuja. Ulikuwa mrefu kama hotuba ya siku ya wazazi. Ulikuwa na malaika, nyota, bahari, na ahadi ya kufa.

"Mjomba, niutume?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, na sababu nilizompa nakupa wewe pia.

Kwanza, sema mwenyewe. Usimtume rafiki. Rafiki huongeza chumvi, na wengine hujisemea wao. Ujumbe wa simu nao huweza kusambazwa kwa darasa zima kabla ya kengele ya saa nne.

Pili, sema mahali palipo wazi, mchana, watu wakiwaona lakini wasiwasikie. Usimvizie njiani, usimfuate hadi kwao, usimzibie mlango. Msichana anayetafuta njia ya kutokea hawezi kukusikiliza. Yeye naye ana tezi mbili juu ya figo zake.

Tatu, sema kwa maneno machache na ya kweli. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini si lazima umkoholee mtu usoni. Sentensi tatu zatosha.

Nne, mwachie nafasi ya kukataa. Mwambie wazi kwamba akikataa si neno. Kisha liwe kweli si neno.

Na hapa nawageukia mabinti. Tumewafundisha kwamba msichana akitamka kwanza hana haya. Matokeo ni kwamba wengi hukaa wakisubiri kuchaguliwa, na anayewachagua mara nyingi ni mtu mzima mwenye gari na maneno mengi. Sioni ubaya wa binti kumwambia mwenzake wa rika lake, kwa heshima, kwamba anampenda. Masharti ni yale yale. Na binti akiambiwa, hana deni. Hata aliyemwandikia barua kumi hamdai chochote.

NENO "LA"

Sasa tufike penye jiwe. Kijana wetu amepumua, amesema, na ameambiwa la. Afanyeje?

Kwanza tukubali kwamba inauma, tena si maneno ya mashairi tu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwachunguza watu ubongo huku wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Katikati ya mchezo wakaanza kunyimwa mpira. Sehemu za ubongo zilizochangamka zilikuwemo zile zinazohusika mtu anapoumia mwilini. Ikiwa kunyimwa mpira wa kompyuta kunauma, sembuse kukataliwa na unayemuota?

Basi usimwambie kijana "sahau, wasichana ni wengi." Humwambii aliyeteguka mguu kwamba miguu ni miwili.

Lakini kuuma si kibali cha kuumiza. Kwa miaka mingi tumewalisha wavulana wetu sumu kwamba "la" ya mwanamke ni "ndiyo" iliyojificha, na kwamba mwanamume hodari ni yule asiyekubali kushindwa. Tumeiimba sumu hiyo, tumeicheka kwenye vichekesho. Mvuno wake tumeuona. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, mengi yakidaiwa kutendwa na wanaume waliowajua vyema.

Sisemi kila anayekataliwa atakuwa muuaji. Hasha! Nasema kwamba mtu hajifunzi kuipokea "la" akiwa na miaka 35, amelewa, na ana kisu jikoni. Hujifunza akiwa na miaka 16, kwa jambo dogo, akiwa na mtu mzima wa kumwambia, "Najua inauma. Keti. Kunywa chai. Kesho usimfuate."

Wazazi wajue pia dalili za hatari. Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Ikipita wiki mbili bila kupungua, akiacha kula, kulala au kusoma, akijitenga na marafiki, au akizungumza kuhusu kufa hata kwa mzaha, usingoje hata siku moja. Mpeleke kwa mshauri au hospitalini. Mtoto asiyeweza kumwambia mzazi anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto kote nchini.

WALIMU NA WAZAZI

Najua kuna msomaji aliyekwisha kukunja uso. Atasema: "Shule ni mahali pa vitabu. Huyu mwandishi anawafundisha watoto wetu mapenzi."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Mimba za mapema zimewakatizia masomo wasichana wengi mno, na zinaanza kwa maneno matamu. Tena iko sheria. Kulingana na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hata akikubali kitendo cha ngono, kukubali kwake si kinga mahakamani. Wako wavulana wa umri wa shule walioshtakiwa kwa makosa makubwa baada ya kukutwa na wapenzi wao wa rika moja. Kijana lazima aambiwe hivyo waziwazi, tena mapema. Na mtu mzima anayemnyemelea mwanafunzi, awe mwalimu, jirani au jamaa, huyo simzungumzii hapa. Huyo ni wa kushtakiwa.

Lakini namuuliza msomaji huyo: hisia hizi zitangoja mtihani wa mwisho? Mimi sijaona. Kinachongoja ni mazungumzo tu. Mtoto asipozungumza nasi atazungumza na wenzake bwenini, na mwenzake atamfundisha kwa chupa.

Kumwambia mtu "nakupenda" na kumtaka mwilini ni mambo mawili. Kijana aliyefundishwa la kwanza kwa heshima ana nafasi nzuri zaidi ya kungoja la pili. Aliyefungiwa yote mawili huyapata yote mawili gizani kwa pamoja.

Tangu viboko vipigwe marufuku shuleni mwaka 2001, tumeambiwa kwamba ushauri ndio utakaochukua nafasi yake. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri ni yule yule wa hesabu mwenye vipindi tele, na ofisi yake iko karibu na ya naibu wa mwalimu mkuu, mahali ambapo hakuna mtoto anayetaka kuonekana akingoja. Tumpunguzie mwalimu huyo vipindi. Tumpe chumba chenye mlango unaofungwa. Hilo ni jambo la afya sawa na maji safi.

YALIYOTOKEA BURUBURU

Alhamisi ya wiki ya mwisho ya likizo, mpwa wangu aliingia jikoni, akanikuta naosha vikombe.

"Mjomba, amekataa."

Akanieleza. Alimngoja atoke, akamsalimu pale nje karibu na muuza njugu. Akasema: "Nimekuwa nikikuona hapa. Nakupenda, na ningefurahi tukiwa tunazungumza. Ukikataa si neno." Msichana akanyamaza kidogo, akamjibu: "Asante kwa kuniambia vizuri. Lakini mimi sitaki mambo hayo mpaka nimalize shule." Naye akasema sawa, akanunua njugu za shilingi kumi asizozitaka, akaja nyumbani kwa miguu.

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Sikuwa na la kusema. Nilimpa kitambaa apanguse vikombe, tukavimaliza pamoja.

Siku iliyofuata alirudi maktabani, lakini akahamia meza ya upande wa pili ili asimtie msichana wa watu wasiwasi. Sikumwambia afanye hivyo. Nilipolisikia nilijua kwamba amefuzu mtihani ambao haumo kwenye ratiba ya wizara.

Kwa siku kadhaa alikula kidogo. Jumatano aliomba aongezwe ugali.

Nami nikakumbuka yangu. Nilipokuwa kidato cha nne, nilibeba barua mfukoni mwa koti la shule muhula mzima. Ilikuwa ya msichana wa shule jirani tuliyekutana naye kwenye mdahalo. Niliibeba hadi karatasi ikakatika kwenye mikunjo. Sikumpa. Nina mke ninayempenda na sijutii ndoa yangu, lakini barua ile naikumbuka kuliko makosa mengi niliyoyatenda. Watafiti wawili wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliandika mwaka 1995 kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi waliyoyafanya, lakini miaka ikipita hujutia zaidi yale ambayo hawakuyafanya. Sikuhitaji kuusoma utafiti wao.

Mpwa wangu hatabeba barua. Amebeba jibu. Si alilolitaka, lakini ni lake, na amelala nalo usingizi.

Basi msomaji, jioni ya leo ukimwona wako ameisukuma sahani kando, mpime malaria, naam, kwani malaria huua. Lakini ikiwa hana malaria, na tabibu akamuuliza kama kuna jambo moyoni, wewe toka nje kidogo. Na atakapokuambia mwenyewe, hata jambo lenyewe likuchekeshe namna gani, tafadhali usicheke.